Sule Kangangi na mstari wa kuanzia ulioletwa nyumbani

Juni 2021, katika ardhi ya Wamaasai kusini-magharibi mwa Kenya, wapenzi wa baiskeli tulishuhudia jambo ambalo kwa miaka mingi tulizoea kuliona likienda upande wa pili. Wanaume waliowahi kushindana Tour de France, wakiwemo Ian Boswell wa Marekani na Laurens ten Dam wa Uholanzi, walipanda ndege wakaja huku kwetu kutafuta mashindano. Walilala kwenye mahema, wakavuka mito huku wamebeba baiskeli mabegani, wakameza vumbi lile lile wanalolimeza watoto wa Narok wakienda shule. Siku nne, takribani kilomita 650, lami hakuna. Wenyeji wao barabarani walikuwa vijana wa Afrika Mashariki ambao wengi hawakuwa wamewahi kushindana na mtu wa kiwango hicho.

Mashindano hayo ni Migration Gravel Race. Nahodha wa timu ya wenyeji, Team Amani, alikuwa Suleiman Kangangi. Waliomfahamu walimwita Sule.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye Sule alifariki. Ilikuwa Agosti 27, 2022, katika mashindano ya Vermont Overland huko Marekani, alipoanguka akiwa kwenye mwendo wa kasi. Alikuwa na miaka 33, mume na baba wa watoto watatu. Wasomaji wengi wa magazeti yetu walilisikia jina lake siku hiyo kwa mara ya kwanza, likiwa tayari limetanguliwa na neno marehemu. Hilo linaniuma hadi leo, maana kazi aliyoifanya mtu huyu ilistahili kuandikwa akiwa hai, na kuandikwa kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia na wenzake kila siku.

Sule alizaliwa mwaka 1989 na kukulia Eldoret. Nyumbani hawakuwa na kitu, karo ilishinda, akaacha masomo mapema na kuanza kujitafutia. Eldoret na mji jirani wa Iten ni makao ya riadha. Kijana mwenye mapafu mazuri pale huulizwa anakimbia mita ngapi. Yeye akachagua magurudumu mawili. Ni uamuzi mgumu kuliko unavyosikika. Mwanariadha anahitaji viatu na barabara. Mwendesha baiskeli anahitaji fremu, mnyororo, spoki, matairi, fundi anayejua kazi yake, na baada ya hapo ndipo anapohitaji miguu. Baiskeli ya kushindania inauzwa kwa maelfu ya dola. Kijana wa kibarua anaweza kufanya kazi miaka kadhaa asiipate, na akiipata, tairi likipasuka atasubiri mtu anayetoka ng'ambo amletee jingine.

Kulikuwa na watu waliokwisha kujaribu kuziba pengo hilo. Kule Kikuyu, David Kinjah na vijana wake wa Safari Simbaz wamekuwa wakiokoteza vipuri na kuunganisha baiskeli kwa miaka mingi. Ni katika uwanja wa nyumba ya Kinjah ambapo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alijifunza mchezo huu kabla ya kuondoka, kuchukua leseni ya Uingereza na kushinda Tour de France mara nne. Kinjah mwenyewe aliwahi kupata nafasi katika timu moja ya Italia, kisha akarudi kufundisha. Huko Iten nako, Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, alianzisha timu ya Kenyan Riders akiwa na hoja moja: kama watu hawa wanatawala dunia kwa mbio za miguu, kwa nini wasiweze kwa baiskeli? Mwaka 2008 aliwapeleka vijana wawili kwenye mlima wa Alpe d'Huez, Ufaransa, ambao kila shabiki wa Tour anaujua. Zakayo Nderi aliupanda kwa dakika 42 na sekunde chache. Muda huo uliwafanya watu wainue macho.

Lakini kupanda mlima peke yako huku saa ikihesabu ni jambo moja, na kukaa katikati ya kundi la watu 150 wanaokwenda kilomita 50 kwa saa ni jambo jingine. Mtoto wa Ubelgiji anashindana kila wikendi tangu akiwa na miaka kumi. Anapofika ishirini, amekwisha kujua kwa viwiko na mabega yake namna ya kujificha upepo, namna ya kusogea mbele kabla ya kona, wakati wa kula na wakati wa kujikaza. Huwezi kujifunza hayo Iten ukiwa na wenzako sita kwenye barabara ya Kaptagat. Haya ndiyo aliyokuja kuyaelewa Sule alipopita Kenyan Riders, na ndiyo aliyoyaishi.

Aliyaishi pia kwa uchungu. Novemba 2014 mwenzake wa Kenyan Riders, John Njoroge, alifariki katika mashindano huko Ufilipino baada ya kugongana na gari. Vijana wale walikuwa wamekwenda mbali kutafuta mashindano kwa sababu nyumbani hayakuwepo ya kutosha. Walirudi na jeneza. Wengine wangeachana na mchezo. Sule aliendelea, na mwaka 2017 akajiunga na Bike Aid, timu ya Ujerumani ambayo kwa miaka mingi imewapa Waafrika nafasi. Novemba ya mwaka huohuo alimaliza wa tatu Tour du Rwanda, nyuma ya Joseph Areruya wa Rwanda na Eyob Metkel wa Eritrea. Ukilitazama jukwaa lile, watu watatu, wote Waafrika, mmoja akiwa Mkenya ambaye serikali yake haikuwa na programu yoyote ya maana ya baiskeli za barabarani, unaelewa uzito wa nafasi ya tatu.

Hapo ndipo wengi wangesimama. Mtu amepata timu ya Ulaya, amepanda jukwaani, jina limeandikwa. Sule alikuwa na wasiwasi mwingine. Alijua kwamba yeye alipenya, na kwamba mlango ulijifunga nyuma yake. Mbio za barabarani za kulipwa zinaendeshwa kwa pointi. Pointi hupatikana kwenye mashindano yaliyosajiliwa, ambayo mengi yako Ulaya. Kufika Ulaya kunahitaji viza, na viza inahitaji mwaliko wa timu, na timu inataka kuona pointi. Kijana wa Nakuru au wa Masaka akizungushwa hapo mara mbili tatu, umri umekwisha kumpita.

Ndipo changarawe ikaingia.

Msomaji asiyeufuatilia mchezo huu anaweza kushangaa kwamba barabara ya vumbi, ambayo sisi tunaomba kila uchaguzi iwekwe lami, imegeuka uwanja wa mashindano ya kimataifa. Ilianza Marekani, katika majimbo ya katikati ambako barabara za mashambani ni za kokoto tupu. Mwaka 2006 watu 34 walikusanyika Emporia, Kansas, wakashindana maili 200, yaani zaidi ya kilomita 320, kwa siku moja. Mashindano hayo leo yanaitwa Unbound Gravel na huvuta maelfu. Kilichoyakuza ni utaratibu wake: bingwa na mwalimu wa shule ya msingi walianzia mstari mmoja, saa moja. Hapaulizwi pointi. Mara nyingi hapana gari la timu linalokufuata na gurudumu la akiba. Lipa ada, beba maji yako, tengeneza pancha yako.

Na pancha ni sehemu ya mchezo. Baiskeli ya changarawe inafanana na ya barabarani, usukani wake umejikunja kwenda chini, lakini tairi lake ni pana, milimita 40 hadi 50, na hujazwa upepo kidogo ili lishike udongo na kupunguza mtikisiko. Ndani halina tyubu. Humiminwa dawa nyeupe nzito ambayo hukimbilia kwenye tundu na kuganda papo hapo. Tundu likiwa kubwa kuliko uwezo wa dawa, mshindani huruka chini, huchomoa sindano nene iliyovishwa kipande cha utepe wa mpira, huichomeka kwenye jeraha la tairi, huivuta, utepe hubaki umeziba. Anaongeza upepo kwa kichupa cha gesi au pampu ya mkono, anapanda. Aliyezoea anatumia chini ya dakika moja. Asiyezoea anaachwa na kundi na halioni tena. Ukiwatazama vijana waliokulia kwenye barabara za namna hii, wanaojua kwa macho kokoto ipi itateleza na mchanga upi utameza gurudumu la mbele, unaona mara moja kwamba hapa wana kitu ambacho mtoto wa Ubelgiji hakukipata.

Sule alikiona hicho mapema. Akashirikiana na Mikel Delagrange, mwanasheria Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ambaye kazi ilimleta Afrika Mashariki na baiskeli ikamkutanisha na waendeshaji wa huku. Hoja waliyokubaliana ilikuwa rahisi kuitamka: vipaji vipo, mashindano hayapo. Janga la korona lilipofunga mipaka mwaka 2020, walianza na njia isiyohitaji viza hata moja. Vijana walifungiwa baiskeli kwenye mashine za mazoezi, wakaunganishwa kwa intaneti, wakashindana na watu walioko mabara mengine wakiwa chumbani Kenya, Uganda na Rwanda. Kisha yakaja mashindano ya Mara, yaani Migration Gravel Race.

Mimi naamini mchango mkubwa wa Sule uko katika uchaguzi huo wa kuleta mashindano nyumbani. Kabla yake tulikuwa na simulizi moja tu ya mafanikio: kijana mmoja mwenye bahati anagunduliwa, anapelekwa, anashinda au anarudi kimya. Kila kijana kivyake, kila mmoja akijifunza upya makosa ya aliyemtangulia. Sule alikataa kuwa mtu wa peke yake. Alipokuwa na nafasi ya kujijenga binafsi, alitumia miaka yake mizuri kuwa nahodha: kuwafundisha wadogo zake kula kabla njaa haijafika, kupanga nani aongoze na nani apumzike nyuma ya upepo, kukutana na wafadhili na kuwaeleza hali bila kuomba huruma. Alizungumza kama mtu mwenye kazi ya kufanya, na wageni walimsikiliza kwa sababu walikuwa wamemwona juu ya baiskeli.

Kuna faida ya kiufundi pia. Mashindano yakija kwako, vijana 20 wanajifunza kwa siku nne kile ambacho mmoja angekifuata Ulaya kwa msimu mzima. Wanamwona Boswell anavyokula, anavyokata kona, anavyojiokoa anapochoka. Wanagundua vilevile kwamba mlimani, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushei, mgeni naye anahema. Ugunduzi huo una thamani kubwa kwa kijana wa miaka 19. Akikutana na mtu huyohuyo Kansas mwaka unaofuata, hatakuwa anamwona kwa mara ya kwanza kwenye maisha yake.

Wapo wanaosema fedha za wageni ndizo zilizoendesha yote haya, na kwamba mtalii anayelipa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia hajengi mchezo. Ni hoja yenye uzito na naiheshimu. Wadhamini wa mashirika ya baiskeli ni wa nje, na siku watakapochoka tutajua tulichojenga. Lakini nitawauliza wanaosema hivyo: katika miaka hiyo, ni shirikisho lipi la ukanda huu lililokuwa limeandaa mashindano ya siku nne yanayomkutanisha kijana wa Gilgil na mtu wa Tour de France? Ada ya mgeni ililipia nafasi ya mwenyeji. Hadi tutakapokuwa na bajeti yetu, sioni njia safi zaidi ya hiyo.

Mwaka 2022 timu ilivuka bahari. Wakenya na Mganda, Sule akiwa mbele yao, walikwenda Marekani kukaa msimu wa kiangazi na kushindana huko kwa mara ya kwanza wakiwa timu. Ulikuwa mwaka wa mambo makubwa kwa Waafrika kwenye baiskeli: Machi ile Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent-Wevelgem, na Mei akashinda hatua ya Giro d'Italia. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, nacho kilikuwa kimetangaza kwamba Oktoba kingeandaa mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya changarawe, Veneto, Italia. Milango iliyokuwa imefungwa ilianza kulegea bawaba.

Vermont Overland ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Njia yake ni takribani kilomita 95 za barabara za udongo na njia za kale za msituni ambazo hazikarabatiwi tena, mawe na mizizi, kupanda na kushuka mfululizo. Sule aliondoka pale asubuhi pamoja na mamia ya wengine, na hakufika mwisho. Habari ilipofika Kenya ilikuwa usiku. Familia ilimpoteza mtu wake, na vijana waliokuwa naye kule walilazimika kusafiri kurudi bila nahodha.

Sitapita suala la usalama haraka, kwa sababu tunawapeleka watoto wetu kwenye mchezo huu. Changarawe inapendwa kwa uhuru wake, na uhuru huo una gharama yake: njia ndefu, watu wengi, mteremko usio na uzio, daktari aliye mbali. Waandaaji kila mahali, wa kwetu na wa kwao, wana wajibu wa kuweka alama kwenye miteremko mikali, watoa huduma ya kwanza walio karibu, na redio zinazofanya kazi penye mtandao hafifu. Kijana naye afundishwe kushuka kabla ya kufundishwa kupanda. Makocha wetu hupenda kupima mapafu; ustadi wa breki na wa kona haupimwi kwa saa, kwa hiyo unasahaulika.

Baada ya msiba wengi walidhani Amani ingekufa na Sule. Haikufa. Mashindano ya Mara yaliendelea. Upande wa Tanzania yakaanzishwa mashindano ndugu yanayoitwa Evolution Gravel Race. Iten ikapata nyumba ambako waendeshaji wanaishi na kufanya mazoezi pamoja, karibu na barabara alizojifunzia yeye. Timu ya wanawake ilikua: Xaverine Nirere wa Rwanda, Nancy Akinyi Debe wa Kenya na Florence Nakagwa wa Uganda wamevaa jezi hiyo. Nakagwa anatoka Masaka, ambako klabu ya mji huo imewatoa wavulana na wasichana wa mitaani hadi mashindano ya kimataifa. Naona wanawake hawa ndio wanaoibeba kazi ya Sule kwa uzito zaidi, maana kwao hata kupanda baiskeli hadharani katika vijiji vingine bado kunahitaji maelezo kwa wazee. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, Nirere alikuwa miongoni mwa walioshindana mbele ya umati wa nyumbani.

Sule hakuiona Kigali. Angekuwa na miaka 36, umri ambao mtu wa changarawe bado anashindana vizuri.

Jambo moja limebaki la kuangaliwa na yeyote anayetaka kujua kama kazi ile imezaa. Naivasha sasa kuna mashindano yanayoitwa Safari Gravel, yaliyoingizwa kwenye mfululizo wa dunia wa UCI. Kwa kanuni ya mfululizo huo, robo ya kwanza ya wanaomaliza katika kila kundi la umri hufuzu kwenda mashindano ya dunia ya changarawe. Maana yake ni kwamba fundi baiskeli wa Nakuru mwenye miaka 24 anaweza kupanda matatu Jumamosi na baiskeli yake juu ya paa, akashindana kwenye vumbi analolijua, akalala kwao Jumapili akiwa amefuzu kushindana na dunia. Hakuombwa pointi, hakuombwa barua ya mwaliko. Viza ya Ulaya bado ataihitaji ili aende kushindana huko, na hapo ndipo mashirikisho yetu na wizara za michezo za Nairobi, Kampala na Dodoma zinapopaswa kuingia: kumwandikia barua kwa wakati, kumlipia nauli, na kuiondolea ushuru baiskeli yake inaporudi bandarini. Sule aliyafanya hayo kwa wenzake kwa simu yake mwenyewe, bila ofisi.